Nduta wa Moffat na Nyanya Zilizokataliwa Karatina

Grace Nduta wa Moffat wa Mburu, mzaliwa wa Gakindu kule Mukurweini, anatoka katika ukoo wa wabebaji, na nyumbani kwao neno hilo hulitamka wakiwa wameinua vichwa. Cucu yake, yaani nyanya yake, mama mzazi wa babake Moffat, ambaye Nduta alirithi jina lake kama desturi yetu ilivyo, alibeba viazi kwa ukanda wa kichwani kutoka Gakindu mpaka Karatina miaka ile ya vita vya pili vya Wazungu, mboga zilipokuwa zikikaushwa pale Karatina zipelekwe kwa askari. Mumewe, Mburu, alibeba mabati ya kanisa la kwanza la upande ule wa mto, akapanda nayo mlima mvua ikimnyeshea, na mpaka alipokufa hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kumwambia amechelewa ibada. Moffat mwanawe aliendesha mkokoteni wa punda, akapeleka kahawa za majirani kiwandani kabla ya lori kujua njia ya kijiji. Mkewe Moffat, Wangui, ndiye mwanamke wa kwanza pale kupeleka maziwa kwa baiskeli. Wanaume walisimama kando ya njia wamcheke. Walicheka mpaka walipoona maziwa yake yanafika yakiwa mazima na yao yameganda.

Basi Nduta naye akazaliwa. Wenzake walibeba kuni na maji, naye akayabeba, lakini juu ya hayo alibeba maswali. Akiwa mtoto mdogo aliona lori la kabichi likiondoka sokoni Gakindu, akamuuliza babake linakwenda wapi.

"Nairobi."

"Na huko Nairobi kabichi zinakwenda wapi?"

"Zinaliwa."

"Na nani?"

"Nduta," babake akasema, "kula chakula chako."

Alikula, lakini swali halikushuka na chakula. Lilibaki palepale.

Alipomaliza kidato cha nne hapakuwa na njia ya kuendelea na masomo. Akaolewa na Ken, fundi wa mawe, wakakaa Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, wakapata binti, Shiro. Nduta aliajiriwa stoo katika shule moja ya bweni huko huko. Kazi ya stoo ni maharagwe, mahindi, sabuni na makelele. Muhula mmoja maharagwe yakaletwa watoto wakiwa wamefunga shule, na walipofungua, hayakuwepo tena. Yalikuwa yamerudishwa kwa kukosa wa kuyapokea. Kila mtu alimgombeza mwenye kuyaleta. Nduta peke yake alichukua siku yake ya mapumziko akaenda kuangalia maharagwe yenyewe yako wapi. Aliyakuta ghalani, yametulia kabisa, na watu watatu kila mmoja akingoja kupigiwa simu na mwenzake. Akawaweka mezani pamoja, wakaongea, maharagwe yakaja.

Mwalimu mkuu alimtazama akasema, "Nduta, hiki unachokifanya kina jina. Kinafundishwa chuo kikuu."

Hayo ndiyo maneno yaliyomtoa. Mtu anaweza kufanya kitu maisha yake yote kama vile kujikuna, halafu aambiwe kuna watu wamekisomea mpaka wakapewa joho! Nduta alitaka kujua wamesoma nini. Akauliza, akajaza fomu, akaingia chuo kikuu kwa masomo ya wikendi, umri ule ambao wenzake walikuwa wanapanga harusi za watoto wao. Ken alimwambia, "Soma. Lakini usinitumie mimi kama mfano darasani."

Kijijini habari ilifika kabla yake. Nduta bado alikuwa akirudi Gakindu kufanya ngwatio na kina mama wa kikundi cha kwao, yaani leo wanalima shamba la huyu, siku nyingine la yule, mpaka mashamba yote yaishe. Siku hiyo walikuwa shambani kwa Wakiuru, dada ya Moffat, mwenyekiti wao, mama mzito wa maneno machache. Kabura, mke wa mwanawe Wakiuru, yeye maneno alikuwa nayo ya kutosha kikundi kizima.

"Mama Shiro, ati unasomea nini huko?"

Nduta akasimama wima, akaegemea jembe, akalisema jina lote kama lilivyoandikwa: "Usimamizi wa kimkakati wa mnyororo wa ugavi na lojistiki."

Majembe yote yakasimama. Hata kuku waliacha kuparura.

"Hiyo ni kozi," Kabura akauliza, "ama ni jina la treni?"

"Ni kusoma vile vitu vinatoka hapa vikafika pale, bila kuoza, bila kuchelewa, bila kupotea njiani."

"Kwani vitu vinatokaje hapa vikafika pale? Si vinabebwa!" Kabura akageukia wenzake. "Mnasikia? Chuo kikuu wanafundisha kubeba! Na sisi tumekuwa maprofesa tangu tuzaliwe na hakuna mtu alituambia."

Walicheka mpaka wakaketi. Kuanzia siku hiyo masomo ya Nduta yakaitwa digrii ya lori, naye mwenyewe alicheka, kwa sababu lilikuwa jina fupi kuliko lile lingine.

Chuoni mwalimu wake alikuwa Daktari Mwai, mtu mwembamba wa Othaya, mpole, anayefuta ubao kwa kiganja. Alichora mshale mrefu kutoka kwa mkulima mpaka mdomoni mwa mlaji, akauliza, "Mali inaharibikia wapi?" Vijana waliandika tu. Nduta aliinua mkono.

"Mwalimu, huo mshale unaenda upande mmoja tu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu cucu yangu alikuwa anaenda na viazi na kurudi na chumvi. Mgongo wake haukurudi mtupu."

Mwai akatazama ubao wake, akacheka, akachora mshale wa pili. Wakawa marafiki tangu hapo, ingawa vijana wa darasa walianza kuguna wakiona mkono wa Nduta umepanda, maana walijua chakula cha mchana kimechelewa.

Ukafika mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchukua kitu kimoja halisi, akifuate kutoka shambani mpaka kinapoliwa, aone kinaharibikia wapi, ajaribu dawa moja, kisha aandike kilichotokea. Hakuna mradi, hakuna joho. Nduta hakufikiri sana. Alichagua nyanya za kina mama wa Gakindu.

Nyanya hizo husafiri katika masanduku marefu ya mbao, yale ambayo tumeyazoea. Nduta aliomba Wakiuru amruhusu asindikize mzigo mmoja mpaka Karatina. Alipofika aliinama akatazama chini ya sanduku, akaona maji mekundu yanatiririka kwenye mbao. Nyanya za juu zilikuwa nzuri kama bibi harusi, na za chini zilikuwa supu. Njia yote za juu zilikuwa zimezikalia za chini.

Akarudi mjini Nyeri, akaingia duka la vyombo vya plastiki la mzee Vasant, ambalo babake Vasant alilianzisha zamani likiwa la vibiriti na mafuta ya taa. Vasant amezaliwa Nyeri, na Kikuyu anakiongea vizuri kuliko vijana wetu wengi wa leo.

"Wimwega," akamsalimia, "habari, mama wa stoo. Leo shule inataka ndoo?"

"Leo sitaki ndoo. Nataka kreti fupi zenye kifuniko, zinazopandana moja juu ya nyingine bila kukandamiza kilicho ndani. Na nazitaka kwa kuazima."

"Kuazima!" Vasant akaita mkewe aliyekuwa nyuma ya duka. "Kanchan, njoo usikie. Kuna mtu amekuja dukani kuazima."

Kanchan akaja, akasikiliza habari ya nyanya za juu zinazokalia za chini, akauliza maswali mengi kuliko mumewe, mwisho akasema, "Mpe. Nataka kujua itakuwaje." Nduta alipata kreti za kijani, za msimu mmoja.

Kuwashawishi kina mama ndiko kulikokuwa na kazi. Walizigonga kreti, wakakaa juu yake, Kabura akaivaa moja kichwani. Wakiuru alikuwa bado hajakubali. Kilichomgeuza ni kifuniko. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena, polepole.

"Hii ikifungwa, imefungwa?"

"Imefungwa, tata," Nduta akamjibu shangazi yake.

"Kwa hivyo pale Karatina hakuna mtu atasimama juu yangu aniambie, mama ongeza, mama ongeza?"

Hapo kina mama wote wakasogea. Kwa maana kila mtu ajuaye soko anajua: sanduku la mbao likijaa halijajaa. Linajazwa mpaka ukingo, kisha juu yake linapandishwa kilima cha nyanya nyingine kwa mikono, na mnunuzi anasimama pale akikitazama kikikua. Nduta alikuwa amekitia kilima hicho katika hasara za njiani, na alimwambia Mwai kwa furaha kwamba kifuniko kitaponya magonjwa mawili kwa sindano moja.

"Sawa," Wakiuru akasema. "Tutakupa nyanya zetu. Lakini nyanya ni zetu, si za chuo. Zikirudi hapa hazijanunuliwa, tutajaribu mchumo mmoja tena kwa sababu wewe ni damu ya kaka yangu. Zikirudi mara ya pili, sisi tunarudi kwa sanduku letu, na wewe hutakuja tena kuuliza mtu wa Gakindu chochote. Ukija, uje kunywa chai."

Nduta alikubali. Alijua vizuri alichokubali. Bila nyanya za kina mama hapakuwa na mradi, na bila mradi hapakuwa na joho. Lakini kilichomwingia zaidi ni hicho cha kuja nyumbani kunywa chai tu, kama mgeni, asiulize.

Siku ya soko ikafika. Pikapu ikashusha kreti, zikapangwa. Nduta akafungua ya chini kabisa mbele ya watu wote, na nyanya zilikuwa nzima, kavu, kama zimechumwa muda uleule. Kina mama wakapiga vigelegele. Wanunuzi wakaja. Wakatazama, wakasifu.

"Haki ni nzuri!"

"Ni za kwenu wenyewe? Mungu awabariki."

Wakapita.

Akaja Watiri, mwenye kibanda kikubwa cha jumla, mwanamke mnene mcheshi aliyenunua nyanya za Gakindu tangu Wakiuru akiwa hana mvi. Akainua kifuniko, akakirudisha. Akaipigapiga kreti kwa kiganja kama mtu anayepiga mgongo wa mtoto wa mwingine.

"Nyanya safi, Wakiuru. Umekuwa wa kisasa."

"Basi chukua."

"Nitapita," Watiri akasema, na hakupita.

Jua likahama. Masanduku ya mbao ya watu wengine, yenye supu chini yake, yalikuwa yanachukuliwa na mikokoteni moja baada ya nyingine. Nduta hakuelewa. Bei ilikuwa ileile. Nyanya zilikuwa bora. Aliwauliza waliopita, na kila mmoja alikuwa na jibu lake la heshima: huyu alisema leo hana nafasi, yule alisema rangi ya kijani inamkumbusha kreti za mkate, mwingine alidhani ni mali ya supamaketi iliyopotea njia. Jioni nyanya zilirudi Gakindu. Walikula nyanya kwa ugali, nyanya kwa githeri, nyanya kwa viazi, na Kabura akasema kesho atazitia kwa chai, maana chai ndiyo Mama Shiro atakuwa anakuja kunywa.

Wakiuru alifunga vifuniko vya kreti tupu. Alisema tu, "Umebaki na mchumo mmoja."

Nduta akampigia simu Mwai. "Mwalimu, wamezikataa. Nzima, safi, na wamezikataa."

"Kwa nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

"Mimi sijui, Nduta. Kweli sijui, na ningependa sana kujua." Akaendelea, "Ripoti yako inaweza kusema jaribio limeshindwa, si dhambi. Lakini haiwezi kusema limeshindwa bila kusema kwa nini. Umewauliza watu?"

"Wote."

"Basi acha kuwauliza."

Alikasirika kwanza. Ni ushauri gani huo, mtu wa maswali kuambiwa asiulize? Lakini siku ya soko iliyofuata, nyanya za mchumo wa pili zikiwa bado shambani, alikwenda Karatina mikono mitupu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na wauza nyanya. Alitazama. Aliona watu wakibonyeza, wakinusa, wakibishana, wakidanganyana kuhusu afya za mama zao. Aliyajua yote hayo. Aliyaona tangu akiwa mgongoni. Mchana ukafika hajapata kitu, miguu ikamfa ganzi, akainuka akaona heri anunue njahi, zile fiwi nyeusi, ampelekee Ken.

Muuza njahi, msichana mwenye simu begani, akampimia kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili, akamwagia kwenye mfuko wa Nduta, akaendelea na simu yake. Nduta hakuondoka. Msichana akamtazama.

"Mami, si nimeshakupimia?"

Nduta alikuwa bado ameushika mfuko wazi, ameunyoosha mbele.

"Unangoja mvua?"

"Nangoja nyongeza," Nduta akasema, na alipojisikia amesema hivyo akashtuka.

"Ungesema tu, mami!" Msichana akachota kiganja kizima, akakitupa ndani, akatabasamu, na Nduta akatabasamu, na mambo yakawa yameisha vizuri kati yao. Hapo ndipo alipojiona. Njahi zilikuwa zimejaa gorogoro. Hakupunjwa. Bei walikwisha kupatana. Lakini mpaka kile kiganja kilipotupwa, mwili wake haukujua kwamba amenunua. Yeye mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekiandika kilima kuwa hasara, angesimama pale mpaka soko lifungwe.

Alirudi mbio kwenye ndoo yake, akakaa upya, na sasa alijua atazame nini. Sanduku la mbao likaletwa kwa Watiri. Muuzaji akaanza kupandisha kilima. Watiri akaweka mikono kiunoni. "Ongeza. Ongeza, wewe, unanionea haya? Ongeza hapo kwa kona." Kilima kikakua, wote wawili wakicheka na kutukanana. Sanduku lilipoondoka kwenda kibandani, Watiri akakishusha kile kilima chote kwa mikono yake, akakitia kwenye kiondo chake cha pembeni. Zilizokuwa katika kikapu hicho hakuziuza. Msukuma mkokoteni akapita, akapewa kutoka humo. Mteja wa rejareja akanunua, akaongezewa kutoka humo. Mama mzee akasimama akisalimia tu, akaondoka na mbili tatu, kutoka humo humo. Nduta aliyafuata yote kwa macho. Kile alichokiita hasara kilikuwa na safari yake, na kilibeba watu.

Sasa arudi vipi Gakindu aseme hivyo, wakati ni kifuniko hicho kilichowafanya kina mama wakubali? Alisema hivyo hivyo. Aliwakuta wakichuma.

"Tumezunguka Mlima Kenya wote," Kabura akasema, "tumerudi palepale. Ongeza, mama, ongeza. Digrii ya lori imeishia kwa kilima!"

"Kreti zinabaki," Nduta akasema. "Nyanya zisikaliane. Lakini tubebe na kiondo kando, cha zile ndogo ambazo mnaziacha shambani zikioza. Zimeiva sawa na hizo kubwa, ni umbo tu. Kreti ikinunuliwa, tunaongeza kwa mkono. Mbele ya macho yake."

"Si tuziweke ndani mapema, tumalize?" mmoja akauliza. "Tumwambie, ndani kuna nyongeza."

"Wewe ungeamini?"

Wakacheka, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye angeamini.

Macho yote yakamgeukia Wakiuru. Alikuwa ameshika nyanya ndogo, nyekundu, isiyokuwa na mnunuzi popote. Aliizungusha.

"Mimi nilifurahia kile kifuniko," akasema. "Nilichoka kuambiwa ongeza. Na nikitoka pale nakwenda kwa muuza sukuma wiki, namwambia nini?"

"Ongeza," kina mama wakamjibu kwa pamoja.

"Leteni viondo," Wakiuru akasema. "Lakini Nduta, ni mchumo wako wa mwisho. Sijasahau."

Wakafika Karatina. Safari hii Nduta hakufungua kreti ya chini kuonyesha uzuri wa nyanya. Alisimama tu, kiondo miguuni. Watiri akaja. Akainua kifuniko, akakirudisha, akaipiga kreti kwa kiganja kama mara ile. Alikuwa anageuka.

"Watiri," Nduta akasema, "kwani unaenda wapi na mimi sijakuongezea?"

Watiri akarudi, uso umeanza kufunguka. "Utaongeza wapi? Hiyo sanduku yako imevaa kofia."

"Weka kiondo chako hapa."

Watiri akaweka. Nduta akachota kiganja, akatia. Watiri akaweka mikono kiunoni.

"Hiyo ni ya kumpa ndege?"

Nduta akatia tena.

"Umeolewa Ruring'u ukasahau kwenu, eh? Ongeza."

Hapo Kabura akashindwa kujizuia, akaja mbele akamsukuma Nduta kando. "Wewe Watiri, ukiongezewa zaidi ya hapo utahitaji kiondo cha pili na mgongo wa pili! Shika hii, na hii ni ya mjukuu, na hii ni ya kukufunga mdomo!"

"Huyu ndiye mtu wa Gakindu!" Watiri akapiga kelele kwa furaha, soko zima likasikia. "Huyu ndiye ninayemjua! Mikokoteni iko wapi? Zote ni zangu, na mtu asiguse."

Kreti zikaondoka, zikapakuliwa kibandani, zikarudi tupu. Walipokuwa wanakusanya viondo Wakiuru alimpita Nduta, akamgusa begani, akasema, "Mchumo unaofuata ni wiki ijayo. Utakuja kuuliza nini?" Nduta akageuka upande, akajifanya anatafuta kifuniko.

Aliandika ripoti yake, akaipeleka. Mwai aliisoma yote, kisha akamwita.

"Nimeipenda. Lakini kuna mahali umeniacha njiani. Hii nyongeza umeifuata mpaka kwenye kiondo cha Watiri. Na Watiri anauza wapi?"

"Nyingine hapo hapo, nyingine anazipeleka Nanyuki kwa wenye vibanda."

"Na huko Nanyuki? Mwenye kibanda naye anaongezewa? Naye anawaongezea wateja wake? Au inakatika Karatina?"

Nduta aliivuta ripoti, akafunua ukurasa wa mwisho. Hakujua. Lilikuwa jambo tamu sana kutojua, na palikuwa na sura moja ya mwisho ya kuandika. Lakini Karatina na kwingineko sasa alikuwa amejulikana. Akitokea tu, watu walinyoosha mgongo, wakaanza kusema mambo ya heshima. Walimwita mwalimu.

Jumamosi hiyo alikwenda Gakindu, akamkuta Kabura uani anafua.

"Mama Shiro! Karibu chai," Kabura akasema, macho yakimcheka.

"Sitaki chai. Nataka wewe. Watiri anapeleka mzigo Nanyuki Jumanne, nimemwomba akubebe."

"Mimi? Na digrii ni ya nani?"

"Mimi wakiniona wanavaa adabu. Wewe watakutukana kama mtu wao."

Kabura akakamua nguo, akaitundika, akakausha mikono kwenye leso, bila haraka. Lakini shingo ilikuwa imeshanyooka.

"Na nikifika huko nifanye nini?"

"Tafuta ndoo, uipindue, ukae karibu na wanaonunua kwa Watiri. Usiulize mtu kitu chochote. Utazame mwenye kibanda akishapimiwa, anaondoka ama anangoja. Akingoja, utazame anangoja nini, na akikipata anakipeleka wapi. Ukifuate mpaka kiishe."

"Na kama hakiishi?"

"Basi usirudi Gakindu. Nipigie simu nije."